Michezo ya nusu saa yaweza kuokoa afisi yenu

JE, msomaji, katika afisi yenu mko watu wangapi? Watano? Wanane? Basi huenda ukadhani kwamba kikundi kidogo kama hicho hakina haja ya kufunzwa kushirikiana. Mnakunywa chai ya birika moja, mnajuana hadi majina ya watoto, na panapotokea matanga mnachangiana.

Hata mimi nilidhani hivyo.

Kabla sijaingia katika uandishi wa magazeti, nilifanya kazi katika duka dogo la kupiga chapa jijini Nairobi. Tulikuwa watu saba. Siku moja tuliletewa kazi ya kadi 300 za mwaliko wa harusi. Zilipokaribia kuchapwa, bwana harusi alipiga simu kusema kwamba tarehe ilikuwa imeahirishwa kwa wiki moja. Aliyepokea simu hiyo alikuwa tarishi, kijana aliyekuwa mdogo wetu sote.

"Madam, yule wa harusi amebadilisha tarehe," alimwambia karani.

Karani, ambaye kwa siku mbili alikuwa hasemezani na mpiga chapa kwa sababu ya pesa za chai, aliitikia kwa kichwa tu na kuendelea na hesabu zake. Kadi zote 300 zikatoka na tarehe ya zamani. Mwenye duka alipata hasara, na tarishi akafutwa kazi.

Nami nilikuwa nimeketi hatua tatu tu kutoka hapo. Nilimsikia kijana akitoa habari ile, lakini mkubwa alipouliza, niliinamisha kichwa. Jambo hilo lingali linanisuta.

Ndiyo sababu kila ninapoona makampuni makubwa yakiwasafirisha wafanyakazi kwa mabasi hadi Naivasha au Mombasa kwenda kucheza michezo ya kujenga ushirikiano, huwa nazifikiria afisi ndogo. Hazina pesa za mabasi wala za hoteli. Lakini hazizihitaji. Karatasi, kalamu, leso na nusu saa ya Ijumaa alasiri vyatosha.

Isitoshe, watu wachache wana bahati yao. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwahi kupima nguvu za watu waliokuwa wakivuta kamba. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1913, alionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu. Kwenye umati ni rahisi kujificha nyuma ya mwenzako. Kwenye kikundi cha watu sita, asiyevuta huonekana.

Hata hivyo, asiyesema haonekani upesi, na asiyesikizwa vilevile. Hapo ndipo michezo ifuatayo inapofaa.

Mgongo kwa mgongo

Waketi watu wawili wawili wakipeana migongo. Mmoja apewe picha sahili, kwa mfano ya nyumba, mti na jua. Mwenzake apewe karatasi tupu na kalamu. Mwenye picha aeleze, mwenzake achore. Ni marufuku kutaja jina la kitu: asiseme "nyumba", bali aseme "mraba, na juu yake pembetatu".

Mara ya kwanza mchoraji asiulize swali lolote. Mara ya pili mpeni picha nyingine na mumruhusu kuuliza. Kisha linganisheni. Mtacheka hadi mbavu ziume, lakini mtajionea wenyewe hasara ya kuitikia kwa kichwa jambo ambalo hukulielewa.

Macho yaliyofungwa

Tawanyeni viti chumbani. Mmoja afungwe macho kwa leso, na mwenzake amwongoze kwa sauti tu hadi upande wa pili bila kugonga kiti. Wa cheo cha chini ndiye amwongoze mkubwa.

Katika afisi nyingine niliyofanyia kazi baadaye, mama aliyetupikia chai ndiye aliyemwongoza mkubwa wetu. "Simama, Mzee! Kiti kiko mbele ya goti lako la kushoto." Hatukuwa tumewahi kumsikia mama huyo akimwamuru mtu, wala kumwona mkubwa akitii bila kubisha.

Wiki iliyofuata, mama huyo alienda mwenyewe kumwambia kwamba waya wa birika la umeme ulikuwa umechunika. Alikuwa ameuona kitambo. Hakuwa na mazoea ya kusema.

Fundo la mikono

Watu sita hadi wanane wasimame kwa mduara. Kila mmoja amshike mtu mmoja kwa mkono wa kulia, na mtu mwingine kwa mkono wa kushoto, lakini si jirani yake. Sasa jifungueni bila kuachana mikono, hata ikibidi kupita chini ya kwapa la mwenzako. Wakati mwingine mtajikuta mmekuwa miduara miwili, au fundo limekataa kabisa kufunguka. Msijali. Mtakuwa mmejua nani huamrisha tu na nani hutazama kwanza.

Mnara wa tambi

Mchezo huu ulibuniwa na Peter Skillman, na ukaenezwa na Tom Wujec. Kikundi cha watu wanne hupewa vijiti 20 vya tambi, uzi wa karibu mita moja, utepe wa kunata wa urefu uo huo, na peremende moja laini iitwayo marshmallow. Katika dakika 18, wajenge mnara mrefu iwezekanavyo na peremende hiyo ikae kileleni. Ukikosa peremende, kipande kidogo cha mandazi chafaa.

Mwaka wa 2010 Wujec alieleza kwamba watoto wa chekechea huwashinda wanafunzi wa biashara wa vyuo vikuu. Wasomi hupoteza wakati wakigombea uongozi na kupanga, kisha huweka peremende dakika ya mwisho, na mnara huporomoka. Watoto huiweka mapema, ukianguka wanaanza upya. Aidha, wakurugenzi walifanya vyema zaidi walipotiwa kundi moja na makatibu wao.

Mambo ya kuzingatia

Usimlazimishe mtu. Mwenzako huenda ni mja mzito, ana maumivu ya mgongo, au dini yake haimruhusu kushikana mikono na asiye wa jinsia yake. Huyo na awe mwamuzi au mshika saa, wala asiulizwe maswali. Msicheze mchezo wa kumwaibisha mtu. Tena chezeni saa za kazi, kwani Jumamosi na Jumapili ni za jamaa zenu.

Muhimu kuliko mchezo ni mazungumzo ya dakika kumi baada yake. Ulizeni: Nani alisema na hakusikizwa? Nani alijua na akanyamaza? Jambo hili hutokea wapi katika kazi yetu? Mkiruka maswali hayo, mtakuwa mmecheza tu.

Nawe mkubwa wa kazi, usidanganyike. Mchezo haulipi mshahara uliocheleweshwa. Ukiwachekesha watu Ijumaa kisha Jumatatu umkaripie aliyekuambia ukweli, heri usingecheza.

Ikiwa wewe ni mwanafunzi, ujaribu mchezo wa mgongo kwa mgongo na kikundi chako cha masomo. Nyumbani, mwache kitinda mimba amwongoze baba aliyefungwa macho kati ya viti vya sebuleni.

Sisemi michezo hii ingezuia kosa la kadi zile. Lakini laiti tungalikuwa na mazoea ya kuulizana nani alijua, huenda ningaliinua kichwa siku ile na kusema, "Mzee, kijana alisema. Nilimsikia."