Magitaa ya Impala

Jumapili jioni, jua linapozama nyuma ya Mlima Kigali na baridi ya vilimani ikaanza kuteremka juu ya mabati ya Nyamirambo, mtu apitaye kando ya baa yenye wapiga muziki husikia gitaa la solo, sauti yake nyembamba na safi, likimjibu mwimbaji. Na kabla ubeti wa pili haujawadia, mzee aliyekuwa ameinamia glasi yake na kijana ambaye hakuwa amezaliwa wimbo ule ulipotungwa huwa wamekwisha kuudaka wote wawili, wakauimba hadi mwisho bila kukosea. Muziki wa namna hii, upigwao papo hapo mbele ya wateja, watu wa Kigali huuita igisope, na nyimbo zenyewe za zamani huitwa karahanyuze. Na ni nadra usiku kupita asitokee mtu wa kuomba wimbo wa Orchestre Impala.

Impala ilizaliwa Kigali katikati ya miaka ya 1970, zama ambazo rumba ya Kongo ilikuwa imekwisha kuteka masikio ya nchi zetu zote, Franco na OK Jazz wakitawala Kinshasa, Mbaraka Mwinshehe aking'ara kutoka Morogoro, na ndugu wa ukoo wa Kinyonga, wenyeji wa Tanga, wakivuma Kenya na Simba Wanyika yao. Vijana wa Impala waliyasikia hayo yote, wakajipa hata majina ya jukwaani yenye harufu ya Kinshasa: Soso Mado, Tubi Lando, Maître Rubangi, Mimi La Rose, Fidèle Jakal. Lakini lafudhi iliyotoka vinywani mwao ilikuwa ya nyumbani kwao, na habari walizoghani zilikuwa za mapenzi na posa, husuda ya majirani, nasaha kwa mume na mke. Na Anita wa wimbo wao mashuhuri, *Anita Mukundwa*, akawa kama binti wa kila mtaa.

Kazi ya kuiimba rumba kwa Kinyarwanda haikuwa nyepesi hata kidogo. Kinyarwanda ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hugeuza maana: neno umuryango, kwa maandishi yaleyale, huweza kuwa ukoo au kuwa mlango, kwa kadiri litamkwavyo. Kwa hiyo mtunzi hana ruhusa ya kuyapeleka mahadhi kokote moyo wake upendako, kwani atafika mahali maneno yamgeukie. Nami naamini, baada ya kuwasikiliza kwa miaka mingi, kuwa fahari ya Impala imo humo hasa, katika gitaa lililofundishwa kusema Kinyarwanda. Wimbo huanza kwa subira, mwimbaji akieleza kisa chake kama mgeni aliyekaribishwa kiti, besi ikitembea chini yake kwa adabu. Kisha maneno hupungua, solo ikashika njia, na katika chemko hilo la magitaa wachezaji huendelea kusikia mazungumzo ijapokuwa hakuna asemaye.

Nchi haikuwa na biashara kubwa ya sahani za santuri, na bendi nyingi zilirekodiwa na Redio Rwanda, nayo ikawa soko lao, na baadaye, kwa kudra ya Mungu, ikawa hazina yao. Sebanani André, mmoja wa waimbaji wa Impala waliopendwa kupita kiasi, alikuwa pia mtumishi wa redio hiyo na mwigizaji katika kundi la michezo la Indamutsa, hata watu waliijua sauti yake kwa nyimbo na kwa vichekesho pia.

Sauti hiyo ilizimwa mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyodumu takriban siku 100 tangu tarehe 7 Aprili, Sebanani aliuawa, kama walivyouawa waimbaji wengine wapenzi wa umma, miongoni mwao Rodrigue Karemera. Impala ikanyamaza. Miaka mingi ilipita kabla Mimi La Rose, aliyesalimika, hajashirikiana na Munyanshoza Dieudonné na wengineo kuiamsha tena. Na waliohudhuria maonyesho yao walishangaa kuona umati wa vijana ukitangulia maneno ya wimbo mbele ya waimbaji. Walijifunzia wapi? Redioni, na jikoni kwa mama zao.

Mzee mmoja wa mtaa wa Biryogo, Kigali, ambaye hunisemesha Kiswahili tangu nilipokuwa mtoto, alinionyesha kaseti yake ya Impala, utepe wake ukiwa umekatika na kuungwa kwa gundi mara mbili, nayo huirudisha nyuma kwa kalamu ya risasi ili kuuhurumia. Juu ya karatasi iliyofifia palikuwa na majina ya nyimbo sita. Jina la mpigaji hata mmoja halikuwepo. Nilimwuliza nani aliyepiga besi, akafumba macho, akasikiliza, akanitajia, nami nikaandika palepale.

Ewe msomaji, ukiwa na kaseti ya namna hiyo sandukuni, usiitupe kwa kuwa redio yako haina tena mahali pa kuitia. Mpelekee mzee aijuaye, mkae muisikilize, uandike jina la kila aliyepiga na kila aliyeimba, kabla wanaoweza kuwatambua kwa sauti hawajatutoka.