Je, Wajua? Kitenzi cha Herufi 17

Sogea hapo kwenye benchi, leo tuko Shieywe, moja ya wadi 6 za Lurambi, Kakamega mjini. Jumapili hapa kwaya ndizo zinazokuamsha, kwa hiyo tuanze nazo.

Je, wajua kwamba neno kwaya lina asili ya Kigiriki? Wagiriki walisema khoros, Warumi wakalichukua, Wafaransa wakalipitisha kwa Waingereza, nasi tukaletewa likiwa limeshakunjwa-kunjwa. Na kwaya za Athene hazikuwa mchezo: kwaya moja ya wanaume ilikuwa na waimbaji 50!

Nani alizilipia? Tajiri mmoja aliteuliwa na mji, na gharama zote zikamwangukia yeye. Mwaka 472 kabla ya Kristo, aliyelipia kwaya ya tamthilia ya Aeschylus kuhusu Waajemi alikuwa kijana Pericles, ambaye baadaye alikuja kuwa kinara wa Athene. Mfadhili mwingine, Lysicrates, alifurahi sana kwaya yake ya wavulana iliposhinda hata akajenga mnara, na mnara huo umesimama hadi leo, miaka zaidi ya 2,300!

Sasa shika hapa. Kazi ya hao matajiri ndiyo iliyozaa kitenzi epikhoregeo, ambacho Agano Jipya linakitumia mara 5. Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba Mungu humpa mpanzi mbegu, kitenzi alichotumia ni hicho hicho cha mfadhili wa kwaya.

Je, wajua kwamba kuna kitenzi cha kusaidia ambacho ndani yake mtu anatimua mbio? Ni boetheo: boe ni nduru, theo ni kukimbia. Ukisikia nduru, unaikimbilia, basi, ndiyo kusaidia huko. Kimo mara 8 tu katika Agano Jipya zima.

Na hizo 8 zina vituko vyake! Katika Matendo 21:28 watu wanapiga kelele wasaidiwe, kumbe msaada wenyewe ni dhidi ya Paulo waliyemkamata. Katika Ufunuo 12:16 msaidizi si mtu wala malaika, ni ardhi. Inafungua kinywa na kumeza mto mzima ili kumwokoa mwanamke.

Ngoja, bado. Paulo akiwa baharini, dhoruba ikapamba moto, na mabaharia wakatumia "misaada" kuifunga merikebu kwa chini isipasuke. Neno lililopo pale limetokana na kitenzi hicho hicho cha mbio.

Je, wajua Msamaria Mwema alisikia huruma wapi mwilini? Matumboni! Kitenzi splankhnizomai kinatokana na neno la viungo vya ndani, na kinapatikana mara 12, zote katika Mathayo, Marko na Luka. Yohana hakukigusa hata mara moja. Halafu yule Msamaria akatoa dinari 2, na dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa.

Wavuvi nao wamo. Kitenzi kinachotumika Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao ndicho Paulo anachokitumia akiwaambia Wagalatia wamrejeshe ndugu aliyeteleza. Neno la ukoo huo huo lilitumiwa na matabibu wa Kigiriki kwa kurudisha kiungo kilichoteguka.

Lakini bingwa wangu ni huyu, vuta pumzi: sunantilambanomai! Herufi 17, kwa alfabeti yao na kwa yetu vilevile. Sun ni pamoja, anti ni upande wa pili, lambano ni kushika. Umewahi kuona gunia la mahindi la kilo 90 likipandishwa kwenye pikipiki? Mmoja huku, mwingine kule, halafu twende! Hicho ndicho kitenzi chenyewe, na usidhani mwenye gunia anakaa pembeni akitazama. Ameshika upande wake.

Agano Jipya linacho mara 2 tu. Ya kwanza ni Martha, mgeni amefika, kazi zimemwelemea, dada yake Mariamu ameketi tu. Anamwomba Yesu amwambie aje ashike upande wa pili. Ya pili ni Warumi 8:26, ambapo anayeshika upande wa pili ni Roho Mtakatifu! Malalamiko ya jikoni na fundisho zito la sala, kitenzi kimoja. Biblia yetu nayo imeweka kusaidia kote kuwili.

Rudi nyuma zaidi. Katika Agano la Kale la Kigiriki, Musa anapolemewa na watu, anapewa wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye. Kitenzi? Unakijua tayari.

Na sisi je? Harambee iliyo kwenye nembo ya Kenya ilikuwa wito wa wapagazi wa pwani wakiinua mzigo mzito. Hapa Kakamega wito huo ulizaa chuo: WECO, kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa michango ya wananchi, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Je, wajua kusaidia na jina Saidi ni ndugu? Yote mawili yanatoka katika shina moja la Kiarabu, na shina hilo ndilo lenye neno la kigasha, ule mkono kati ya kiwiko na kiganja.

Hata tafsiri ya Biblia hapa kwetu ilishikwa pande mbili. Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi, kusini mwa hapa, mwaka 1902. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani! Emory Rees na Joel Litu walishirikiana kutafsiri Agano Jipya kwa Kilogooli, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1951.

Moja ya haraka kabla hujaondoka. Paulo aliota mtu wa Makedonia akimwomba avuke awasaidie, kwa kile kitenzi cha nduru na mbio. Akapanda merikebu Troa, na kesho yake akatia nanga Neapoli, upande wa pili wa bahari. Miaka kadhaa baadaye alivuka kurudi Troa: siku 5!