Kikwapa Hakifukuzwi kwa Marashi

Takisi ya Kampala imeandikiwa abiria 14, na jioni inapojivuta kwenye foleni kuelekea Ntinda au Nateete, kwapa la mmoja huwa shauri la wote. Si ajabu basi kwamba deodoranti zimejaa kila mahali, kuanzia maduka ya jumla ya Kikuubo hadi meza za soko la Owino. La kushangaza ni namna tunavyozinunua. Mnunuzi hufungua kifuniko, akanusa, akaridhika, akalipa. Amechagua kwa pua kitu ambacho pua haiwezi kukipima, kwa sababu manukato ndiyo sehemu ya chupa yenye kazi ndogo kuliko zote. Kabla ya kutoa pesa inafaa kujiuliza kinachokusumbua ni kipi, unyevu au harufu. Mwenye jibu hilo hupata cha bei nafuu kikamfaa; asiye nalo hubadilisha chupa kila mwezi na kulaumu viwanda.

Jasho lenyewe halina harufu ya kusumbua. Tezi zilizotapakaa mwili mzima hutoa maji na chumvi ya kupoza ngozi, basi. Ila kwapani kuna tezi za aina nyingine, zinazoamka mtu anapobalehe, na hizo hutoa majimaji yenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi huyala majimaji hayo na kuyageuza kuwa kemikali zenye harufu kali. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ndani ya bakteria aitwaye Staphylococcus hominis. Urithi nao una sehemu yake: watu wengi wa Asia ya Mashariki wamezaliwa na aina ya jeni ya ABCC11 inayowafanya wasitoke kikwapa, na Waafrika karibu sote hatuna bahati hiyo. Kwa hiyo anayenuka si lazima awe mchafu, na kumnyunyizia marashi juu ya bakteria walioshiba ni kumwongezea harufu ya pili.

Chupa zilizoko madukani ni za koo mbili, ingawa sote tunaziita deodoranti. Ukoo wa kwanza hupambana na bakteria na kuifunika harufu, lakini jasho huliacha litoke. Ni wa zamani: dawa ya kwapa iliyoitwa Mum, yenye zinki, iliuzwa Philadelphia tangu mwaka 1888. Ukoo wa pili, ambao chupani huandikwa "antiperspirant", una chumvi za aluminiamu zinazoziba kwa muda vijitundu vya jasho. Kwapa likikauka, bakteria nao hukosa chakula. Hata hivyo usitarajie ukavu kamili. Kanuni za Marekani hutaka bidhaa ya namna hiyo ipunguze jasho kwa asilimia 20 tu ili ikubalike. Wakati wa kuipaka ni muhimu kuliko jina la kampuni: ipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, maana usingizini jasho ni dogo na chumvi hupata nafasi ya kushika. Kuoga asubuhi hakuiondoi kazi yake. Wengi huipaka mbio mbio wakitoka bafuni, ngozi ingali na maji, kisha wanasema haifanyi kazi.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la Mombasa. Mfanyakazi wa ofisini ambaye shati lake halilowi hana haja ya kuzuia jasho; ukoo wa kwanza unamtosha. Mwendesha boda boda aliyevaa jaketi tangu alfajiri, au mpakua mizigo wa Kikuubo, ana sababu ya kutafuta aluminiamu. Maandishi ya saa 48 au 72 yasikutoe jasho zaidi: anayeoga kila siku anahitaji saa 24 tu.

Ngozi nayo ina kauli yake. Kwapa likiwasha au likitoka vipele baada ya kupaka, mshukiwa wa kwanza ni manukato, wa pili ni spiriti, hasa kwa aliyenyoa muda huo huo. Tafuta isiyo na manukato, hata kama haipendezi dukani. Wako watakaosema dawa za asili ndizo salama, na hoja yao haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa shabu husaidia kweli na bei yake ni ndogo. Ila shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu, kwa hiyo anayeikimbia aluminiamu kwa kushika shabu amezunguka nyumba na kuingia mlango ule ule. Ndimu huunguza ngozi, na zaidi ikipigwa na jua. Magadi ya kupikia yana ukali wa kialkali, ilhali ngozi ina asidi kidogo. Wengine huyavumilia, wengine hubabuka.

Pingamizi kubwa zaidi ni saratani ya matiti. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walilinganisha wanawake 813 wenye ugonjwa huo na 793 wasio nao, wasione uhusiano na dawa za kwapa. Mwaka 2004 utafiti wa Uingereza ulikuta vihifadhi viitwavyo parabeni katika vivimbe 20 vya matiti, na hofu ikaenea. Lakini utafiti huo haukuonyesha kwamba vilitoka kwapani wala kwamba ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Onyo lenye msingi linawahusu wenye figo zilizodhoofika sana: hao wamuulize daktari kwanza kuhusu aluminiamu. Mimi hunitia shaka zaidi chupa zinazoahidi kung'arisha kwapa huku zikificha viambato vyake. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, hupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado huingia sokoni.

Kuhusu bei, ghali si dalili ya nguvu. Sehemu kubwa ya kopo la kupuliza ni gesi ya kusukuma, nayo huishia hewani. Kichupa chenye kigololi, cha mililita 50, kwa kawaida hudumu kuliko kopo kubwa la bei hiyo hiyo. Tena tatizo huenda liko kwenye nguo. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2014 kwamba fulana za polista hunuka kuliko za pamba baada ya mazoezi, maana bakteria fulani hustawi humo. Shati la pamba la mtumba kutoka Owino, likifuliwa vizuri kwapani na kuanikwa juani, laweza kukuokolea chupa kadhaa.

Kwa hiyo geuza chupa, soma viambato na tarehe ya mwisho, nunua ndogo kwanza, uipake usiku kwa wiki mbili kabla ya kuihukumu. Ikiwa jasho linatiririka hata umekaa kivulini, au majipu yanarudi rudi kwapani, acha kununua chupa nyingine na uende kliniki ya ngozi.