Mtama na Jua Kali

Mkulima, mvua ikikatika, simama mpakani mwa mahindi na mtama, ulinganishe. Yote mawili hukunja majani. Lakini shina la mtama lina utando mweupe kama nta, uzuiao maji yasipotee upesi. Tena mtama huweza kuacha kukua ukangoja. Mvua ikirudi, huendelea. Mahindi hayangoji. Jua likiyakuta yanachanua, ndevu huchelewa kutoka, unga wa mbelewele humwagika bure, na gunzi huwa na mapengo.

Tabia hiyo haikuja kwa siku moja. Mtama umelimwa upande wa Sudani zaidi ya miaka 4,000. Mashina yaliyoshindwa na ukame yalikufa bila kuzaa. Yaliyostahimili ndiyo yaliyotoa mbegu, na mbegu hurithi. Mahindi asili yake ni Meksiko, nayo yalifika Afrika baada ya mwaka 1492.

Kazi hiyo yaendelea shambani mwako, na mchaguzi ni wewe. Wengi huchota mbegu ghalani tu, wasijue zilitoka shina gani. Haifai. Kabla ya kuvuna, hasa mwaka wa jua, pita katikati ya shamba, ufunge uzi kwenye mashina yaliyozaa vema kuliko jirani zake. Lakini suke kubwa lililoota penye kichuguu liache: ukubwa ule ni wa udongo, haurithiwi. Masuke uliyochagua yavune kwanza, uyaanike, uyatenge na ya chakula.

Kama kweleakwelea ni wengi kwako, chagua mtama mwekundu wenye ukakasi. Ndege hawaupendi sana (na watoto nyumbani watanung'unika pia).