Kompyuta Haijui Kwamba Huo Ni Udongo

Hakuna udongo wenye pH ya 23. Udongo wa mashambani huanzia kama 4, na ni nadra kuvuka 9. Lakini alasiri moja nilijikuta nimekodolea macho jedwali lililojaa udongo wa ajabu: 23, 31, 17, 8, 2. Programu haikuwa imelalamika. Ilikuwa imenichorea hadi grafu, ikatia na rangi, utadhani imetoka kitabuni.

Chanzo kilikuwa mkato. Faili la majibu ya maabara lilihifadhiwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kijerumani, na Wajerumani huandika 6,5 pale tunapoandika 6.5. R, programu ya takwimu niliyokuwa naitumia, ilipouona mkato ikaamua kwamba hilo ni neno. Matoleo yake ya zamani yalikuwa na desturi ya kugeuza maneno kuwa makundi na kulipa kila kundi namba yake ya foleni. Nilipoiamuru igeuze safu nzima iwe namba, ikanipa namba za foleni. Udongo wangu wa 23 ulikuwa tu wa ishirini na tatu kwenye mstari. Desturi hiyo iliondolewa katika toleo la 4.0.0 la Aprili 2020. Leo ukirudia kosa hilo utapata safu iliyojaa NA, yaani pengo, pamoja na onyo. Tiba yenyewe ni fupi kuliko simulizi. Amri ya kawaida ya kusoma faili ni read.csv, na faili za mkato zina ya kwao, read.csv2.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu matatizo mengi ya kuchambua spektra kwa kompyuta, yaani mistari inayoonyesha jinsi udongo unavyofyonza mwanga, yana mzizi huo mmoja. Kompyuta haijui kwamba huo ni udongo, wala kwamba ile mistari ni mwanga uliorudi kutoka kwenye mavumbi ya shamba la mtu. Mbele yake kuna jedwali la namba, basi.

Huko Gigiri, Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo mseto kinachojulikana kama ICRAF, ipo maabara inayosoma udongo kwa mwanga. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha utafiti wa sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, wakaonyesha kwamba mwanga unaorudi kutoka kwenye udongo unaweza kutumika kukisia sifa zake nyingi. Siku hizi hutumika zaidi miale ya infraredi ya kati. Udongo hukaushwa, huchekechwa, husagwa hadi uwe laini kama poda, kisha hujazwa katika sahani ya alumini yenye visima vidogo 96. Miale hupigwa, na mashine huandika ni kiasi gani kimefyonzwa katika kila namba ya wimbi, yaani mawimbi mangapi yanaenea katika sentimita moja. Udongo mfinyanzi wa kaolini hujitambulisha kwa vilele viwili karibu na 3,695 na 3,620. Mabaki ya mimea yaliyooza huinua vilima vidogo karibu na 2,920 na 2,850. Kinachoichukua maabara ya kemikali asidi, tanuri na siku kadhaa, hapa kinakwisha kwa dakika chache.

Ila kinachotoka ni namba nyingi mno. Mwaka 2014 data za mradi wa AfSIS, uliokusanya udongo wa Afrika, ziliwekwa kwenye mashindano ya wazi ya tovuti ya Kaggle. Zilikuwapo sampuli 1,157 za kuifunza modeli na 727 za kuitahini, na kila sampuli ilikuwa na safu wima 3,578 za ufyonzaji, kuanzia namba ya wimbi 7,497.96 hadi 599.76. Washindani walitakiwa kukisia kaboni, pH, kalsiamu, fosforasi na mchanga. Angalia hesabu hiyo tena: safu ni mara tatu ya sampuli za kuifunza modeli.

Mtu aliyezoea takwimu za kawaida hukwama hapo siku ya kwanza. Anaiagiza R ipime umbali wa kila sampuli kutoka kwenye wastani, inamjibu kwa maandishi mekundu kwamba mfumo hautatuliki, na mkiani mwa sentensi imeweka namba ndogo ajabu, kitu kama 1e-18. Wengi hudhani programu imeharibika, wanaiondoa na kuisakinisha upya. Wala haijaharibika. Kumbuka milinganyo ya shule ya sekondari: ukiwa na milinganyo miwili na herufi tatu za kutafuta, majibu ni mengi yasiyo na idadi, na mwalimu hawezi kukupa maksi kwa lolote kati ya hayo. Sampuli 1,157 haziwezi kuzipa safu 3,578 jibu moja. Ile namba ndogo mkiani ni kompyuta ikieleza jinsi ilivyo karibu na kugawanya kwa sifuri. Njia ya kutoka ilichongwa na mtakwimu wa Uswidi, Herman Wold, na mwanawe Svante akaisogeza kwenye kemia: mbinu iitwayo PLS, inayozikunja maelfu ya safu kuwa vijenzi vichache vinavyoelekea kwenye kile unachokitafuta.

PLS ni rafiki wa kila mpima udongo. Ni rafiki mwenye kasoro yake, lakini. Chukua spektra zako, zichanganye safu kama karata, kisha uipe. Jibu litatoka lilelile! Kwake, 2,920 na 2,918 si majirani. Sasa tuseme umeunganisha majedwali mawili na njiani safu zikapangwa kialfabeti. Safu ya m1000 itatangulia m599, kwa kuwa 1 huja kabla ya 5, na PLS haitashtuka. Atakayeumia ni yule anayelainisha spektra kabla ya kuzichambua, kwa sababu ulainishaji huchukua wastani wa majirani, na hapa majirani ni wageni waliokutana kituo cha basi. Kibaya zaidi ni wakati wa kukisia. Modeli iliyofunzwa kwa spektra zinazoshuka kutoka namba kubwa hadi ndogo, ukiilisha za mashine nyingine zinazopanda, itazidisha tu bila kuuliza mradi idadi ya safu inalingana. Ndipo unapata udongo wenye kaboni hasi. Udongo wenye deni.

Dawa ninayoiamini hapa ni ya kizamani: chora. Chora spektra kumi za kwanza kabla ya kuandika amri nyingine yoyote. Spektra nzima ni mstari unaopanda na kushuka taratibu kama vilima vya Lushoto. Ukiona msumeno, safu zimechanganyika. Ukiona mstari mmoja umelala chini peke yake, huenda kisima hakikujazwa. Ukiona vilele vya kaolini viko kulia badala ya kushoto, mhimili umegeuzwa, jambo ambalo si kosa mradi unajua.

Ukichora baada ya kulainisha, jiandae kwa kero nyingine. Njia inayotumiwa zaidi ni ya Abraham Savitzky na Marcel Golay, waliyoichapisha mwaka 1964. Dirisha, yaani kundi la majirani wanaotazamwa pamoja, likiwa la safu 11, safu tano za kila upande hazina majirani wa kutosha, kwa hiyo kifurushi cha R kiitwacho prospectr huzikata. Ulikuwa na 3,578, sasa una 3,568, na R inakataa kuchora ikisema x na y hazilingani urefu. Suluhisho ni kuchukua namba za mawimbi kutoka kwenye majina ya safu zilizobaki, usitumie ile orodha ya zamani. Na iwapo unajiona mjinga kwa kukwama hapo, jua kwamba majedwali ya Savitzky na Golay yenyewe yalikuwa na makosa ya hesabu, na masahihisho yake yalichapishwa mwaka 1972, miaka minane baadaye.

Mchoro huo utakuonyesha pia kichomozi kidogo karibu na 2,350. Hiyo ni kabonidayoksaidi ya hewani, na sehemu yake ni pumzi ya aliyekuwa akiweka sahani mashinini. Waandaaji wa mashindano ya Kaggle walishauri safu za kuanzia 2,379.76 hadi 2,352.76 ziondolewe, jumla safu 15. Usipoziondoa, modeli inaweza kujifunza siku ambazo chumba kilijaa watu, ikadhani imejifunza udongo.

Sasa nije kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu limewadanganya watu wengi kuliko mengine yote, na halitoi hata herufi moja nyekundu.

Sampuli moja huwekwa katika visima vinne, kwa sababu uso wa udongo haufanani kila mahali. Kwa hiyo udongo 100 hutoa mistari 400. Mtafiti mwenye haraka anaiacha mistari yote 400 kwenye jedwali, anaiambia programu igawe mafungu kumi kwa kubahatisha, ifunze modeli kwa mafungu tisa na kuitahini kwa la kumi, kwa zamu. Usahihi unaotoka ni wa kupendeza. Mtu anaweza kuufanyia sherehe.

Lakini fikiria msomo mmoja ulioangukia fungu la mtihani. Ndugu zake watatu, waliotoka mfuko uleule na wenye pH ileile, wako wapi? Uwezekano kwamba wote watatu wameangukia fungu lilelile ni chini ya mara moja kati ya elfu. Maana yake karibu kila mtahiniwa ana ndugu aliyekaa darasani akifundishwa majibu. Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kwa jina lake: mtihani umevuja. Modeli imekariri, na siku utakapoipelekea udongo wa wilaya nyingine itabaki imetumbua macho. Kwa kompyuta, mistari minne ya mfuko mmoja ni sampuli nne tofauti za udongo, kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo.

Kuiambia ni rahisi. Ama chukua wastani wa misomo minne kabla ya yote, nami ndivyo ninavyofanya, ama gawa mafungu kwa mifuko badala ya mistari. Katika kifurushi cha pls, amri ya cvsegments ina kigezo kiitwacho nrep: ukikiandika 4, mistari minne inayofuatana haitatenganishwa, na mafungu hayo ndiyo utakayoipa plsr. Izingatie tu hiyo “inayofuatana”. Kama umeshapanga jedwali upya kwa tarehe, umejidanganya tena. Na wastani pekee hautoshi pale sampuli zinapokuwa jozi, udongo wa juu na wa chini kutoka shimo moja. Shimo zima lihamie upande mmoja.

Wakati mwingine hujui hata pa kuanzia, hujui kama mbovu ni wewe, data au programu. Kifurushi cha pls kimekuja na data za petroli: sampuli 60, kila moja na safu 401 kuanzia nanomita 900 hadi 1,700, pamoja na kipimo cha okteni. Funza kwa 50 za kwanza ukitahini kwa kuacha moja moja, na kosa la makisio litashuka kutoka takriban 1.36 kwa kijenzi kimoja hadi takriban 0.30 kwa viwili. Ukizipata namba hizo, programu yako ni nzima, rudi kwenye data zako. Tazama pia jinsi jedwali hilo lilivyojengwa: safu zote 401 zimefungwa pamoja kama kitu kimoja kinachoitwa NIR. Wengi hujenga la kwao kwa data.frame, spektra zinapasuka kuwa safu mojamoja, halafu wanapoandika jina la jumla wanaambiwa kitu hicho hakipo. Kuizungushia matrisi I na mabano huizuia isipasuke.

Ukishamaliza yote hayo, bado utabaki na nukta moja au mbili, kwenye mchoro wa makisio dhidi ya vipimo, zilizokaa mbali na mstari, zisizosikia dawa. Usizifute kwanza. Tazama spektra zake. Karatasi ya maabara ikisema kaboni ni nyingi huku vilima vya 2,920 na 2,850 havionekani, hapo programu haina la kukusaidia; ama kipimo cha kemikali kilikosewa ama mifuko miwili ilibadilishana lebo stoo. Itabidi uingie stoo, ufungue mfuko, utazame rangi ya udongo kwa macho yako na kuupima upya. Kwa hiyo usitupe udongo uliobaki hadi ripoti itoke, na namba ya sampuli iandike mara mbili, nje ya mfuko na kwenye kikaratasi cha ndani. Wino wa nje hufutika.