Kumhesabu Samaki Asiyeonekana

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukitaka kujua ng'ombe wa kijiji ni wangapi, utangoja jioni warudipo zizini, uwahesabu. Lakini samaki akaaye karibu na sakafu ya bahari, meta 200 kwenda chini, penye giza, utamhesabuje? Swali hili si la mchezo, kwa maana haiwezekani kuamua samaki gani alindwe, wala wavuvi wasitege wapi, pasipo kujua waliobaki ni wangapi na wanakaa wapi. Nitalieleza kwa mfano wa silikanti, kwa kuwa yuko hata katika bahari yetu ya Tanga.

Silikanti alidhaniwa amekwisha duniani tangu miaka milioni 66 hivi, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwezi wa Desemba, 1938. Ni samaki mkubwa, hukaribia meta 2, rangi yake buluu yenye mabaka meupe. Mabaka hayo tuyakumbuke.

Kwa miaka mingi wataalamu waliwajua wale tu walioletwa na wavuvi wa Komoro. Lakini hesabu ya ndoana si hesabu ya samaki. Wavuvi wakiacha kwenda maji ya kina, wanaoletwa watapungua, ingawa walio baharini ni wale wale. Basi mwaka 1987 Bwana Hans Fricke, Mjerumani, na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo kando ya Ngazidja, wakawaona wakiwa hai kwao. Walikuta kwamba mchana hukusanyika katika mapango ya mawe ya volkano, na usiku hutoka kutafuta chakula. Tena mabaka ya mmoja si sawa na ya mwenziwe, kama alama za vidole vyetu. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumvua: picha yatosha.

Namna ya hesabu hizi kila mtu aweza kuijaribu kwa maharagwe (nasi hapa bwaloni hatuna uhaba wa maharagwe). Chota 20 katika bakuli, yatie wino, yarudishe, changanya. Kisha chota 20 tena bila kutazama. Ukikuta 5 yenye wino, yaani robo, basi yale 20 ya kwanza nayo ni kama robo ya yote, na bakuli lina maharagwe 80 hivi. Kwa silikanti, picha ya kwanza ndiyo wino, na kukutana naye safari nyingine ndiko kuchota mara ya pili. Katika miaka 21 watu hawa waliwatambua samaki 145, mmoja mmoja, wakakadiria kwamba wakubwa wa huko ni 300 hadi 400 tu.

Hata hivyo hesabu hudanganya usipojua makao. Mwaka 1994 mapangoni walionekana wachache mno, watu wakaingiwa na hofu. Baadaye wataalamu walisema huenda sababu ni maji kuwa na joto kuliko kawaida, samaki wakawa hawamo. Ni kama kiranja anayehesabu wanafunzi bwenini saa ya mpira, akaandika kwamba shule imehamwa! Silikanti hupenda maji ya baridi, kwa kuwa damu yake haichukui hewa vizuri katika joto. Basi mpimaji hana budi kupima joto la maji pia, na kuchora ramani ya mapango na miteremko.

Sasa twende Tanga. Tangu mwaka 2004 silikanti wengi walinaswa huko katika majarife ya papa. Wavuvi hawakuwatafuta, wala nyama yao haina ladha, jarife halichagui. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye urefu wa kilometa 100 hivi za pwani. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hawa wa Tanga ni jamaa ya peke yao, hivyo wakiisha tusitumaini kwamba wa Komoro watakuja kujaza nafasi. Na kuzaana kwao ni kwa polepole mno: uchunguzi wa magamba uliotolewa mwaka 2021 ulisema huanza kuzaa wakiwa na miaka 55 hivi, na mimba huchukua kama miaka 5. Jike mmoja akifa wavuni, hasara yake haifanani na ya dagaa.

Kwa maoni yangu mvuvi asihesabiwe kuwa adui katika kazi hii. Nyambizi hushuka siku chache, tena kwa gharama kubwa. Yeye yuko baharini mwaka mzima. Akimnasa silikanti, na aandike mahali, kina cha maji, urefu na tarehe, ampige picha ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa mabaka ya pande mbili hayafanani. Kama bado anapumua, picha ichukuliwe upesi, arudishwe majini.