Ni pure au githeri? Lugha ya mezani katika hoteli za Eastlands

Kabla ya likizo, kifungua mimba wangu, aliye katika Gredi ya 8, alirudi nyumbani na insha iliyojaa wino mwekundu. Mada ilikuwa nyepesi: siku ambayo familia yetu ilitoka kwenda kula. Alikuwa amesimulia kwamba tuliingia katika hoteli tukala githeri, tukapitia nyama choma, na jioni tukala mchele na ndengu. Mwalimu alikata "hoteli" akaandika "mkahawa". "Githeri" ikawa "pure". "Nyama choma" ikawa "nyama ya kuchoma". "Mchele" ukawa "wali", na "ndengu" zikawa "pojo". Shule siitaji, wala mwalimu sina kisa naye. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihisha hivyo hivyo nilipokuwa na miaka michache darasani.

Kilichonichoma ni alichosema mtoto: "Baba, mimi siandikangi Kiswahili tena. Kile tunaongea chote ni makosa."

Basi Jumamosi moja nikamwambia mamake tufunge jiko. Twende tule tena, mlo mmoja mmoja kila mahali, na safari hii tubebe daftari. Mamake ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Kwake chakula kina majina yake ya haki, na hayo ya Nairobi huyasikiliza jinsi mtu anavyosikiliza gari bovu likipanda mlima. Kitinda mimba alikuja kwa ajili ya soseji.

Tulianzia Jericho, karibu na soko, kwenye kibanda cha mabati chenye benchi mbili. Vijana hukiita "kibandaski". Tuanze na neno hilo, kwa sababu wengi hudhani Sheng haina sarufi. Mzizi ni kibanda, Kiswahili kisicho na doa. Vijana wamepachika "-ski" mwishoni kwa mbwembwe tu. Lakini wakitaka wingi hawasemi "kibandaskis" wala "makibandaski", husema "vibandaski". Ngeli ya KI-VI imekaa mahali pake kama mlinzi wa lango. Mkia umebadilika, kichwa ni kile kile.

Kijana wa kuhudumu alipokea maagizo ya watu kama sita bila kuandika chochote, kisha akageukia jikoni na kupaza sauti: "Ugali matumbo moja! Chapo madondo mbili! Turungi tatu!"

"Ona," kifungua mimba akaninong'onezea. "Madondo ni mawili, si mbili."

Nilifurahi, maana hapo ndipo penye utamu. Kwa upatanisho wa darasani kijana yule amekosea: madondo, yaani maharagwe, ni ya ngeli ya YA, na tungetarajia "mawili". Lakini hakuna aliyeagiza maharagwe mawili! Kinachohesabiwa ni sahani. Sahani iko katika ngeli ya I-ZI, na sahani huwa mbili. Nomino imedondoshwa kwa sababu kila mtu pale anajua inayozungumziwa, na kiambishi cha nomino hiyo kimebaki nyuma kama harufu ya kitunguu. "Ugali moja" ni vivyo hivyo. Ukimwambia mhudumu akuletee "ugali mmoja", atakuelewa, ila atakutazama mara mbili.

Na kabla mtu hajasema kwamba huu ni uvivu wa Nairobi, atazame neno "chakula" lenyewe. Limetokana na "kitu cha kula". Nomino "kitu" ilidondoka zamani sana, "cha" ikaungana na "kula", na leo tunasema "vyakula" bila kukumbuka kwamba tulianza na kirai. Ukiamua kudondosha nomino ni kosa, basi hata neno la kutaja unachokula utakuwa huna.

"Chapo" nayo ni chapati iliyokatwa mkia na kupewa "o". Chapati yenyewe ililetwa na lugha za Bara Hindi, kama zilivyoletwa bajia, achari na kachumbari. Sasa juzi juzi tu vijana wamechukua ile soseji ya moshi waiitayo smoki, wakaizungushia chapati, wakaiita "smocha". Kitinda mimba alikula mbili, na kwa hilo sina uchambuzi.

Turungi ilipoletwa mamake akasema, "Hii ni chai ya mkandaa." Mkandaa ni ule mti wa mikoko ambao magome yake hutoa rangi ya kahawia-nyekundu, chai isiyotiwa maziwa imefananishwa na maji ya magome hayo. Turungi nayo ni Kiingereza cha chai kali kilichopita midomoni mwa wafanyakazi hadi kikapata irabu zake. Tanzania wanaiita chai ya rangi. Majina matatu, na kila moja limeona kitu kile kile kwa jicho lake: pwani wameona mti, Tanzania wameona rangi, Nairobi wameona ukali. Nilimwomba kifungua mimba aandike yote matatu.

Githeri ilipofika tukafika pia kwenye kiini cha ugomvi. Pure ni neno halali, tena zuri. Ni mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, na jirani zetu wa Tanzania wana kande au makande. Githeri ni neno la Kikuyu. Nairobi haikulipata kamusini; ililipata katika sufuria za akina mama wenye vibanda, na katika shule ambako watoto wamelishwa githeri mwaka nenda mwaka rudi. Swali langu kwa walimu wenzangu ni hili: kwa nini sima na ugali vyote viwili vinakubalika? Mombasa ni sima, Unguja ni ugali, na hakuna mtahini anayemkata mtoto alama kwa kuchagua kimoja. Mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa kushughulikia usanifishaji, msingi uliofuatwa ulikuwa Kiunguja. Maneno ya Kimvita yaliendelea kuishi, na mengi yamo kamusini kama visawe. Bara haikuwa na mtu wa kuisemea. Lakini leo Kiswahili cha bara kina watoto waliozaliwa ndani yake, na wangu ni mmoja wao.

Omena ni mfano mwingine. Mtoto hufundishwa aandike "dagaa". Kwa samaki wa Ziwa Victoria hilo si kosa, maana upande wa Tanzania wa ziwa lile lile samaki huyo huyo ni dagaa, na Uganda ni mukene. Lakini dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wengine kabisa. Kwa hivyo anayeandika "omena", neno la Kijaluo, amekuambia kwa usahihi zaidi kilichokuwa kwenye sahani. Hapo neno la sokoni linamshinda la kitabuni kwa hoja.

Saa saba tulikuwa Burma, kando ya Barabara ya Jogoo. Jina hilo linatukumbusha vita vya Burma, walikopigana askari wa King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kariokor, mbele kidogo, ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, na Dar es Salaam neno hilo hilo likageuka Kariakoo. Hakuna mwalimu anayefuta Kariokor kwa wino mwekundu, ingawa ni Kiingereza kilichovunjwa mgongo.

Burma huna haja ya kuulizwa unataka nini. Unaonyesha paja linaloning'inia, linapimwa, linawekwa motoni, nawe unangoja. Nyama huletwa juu ya ubao, ikakatwa mbele yako, chumvi pembeni, kachumbari pembeni. Mwalimu alitaka "nyama ya kuchoma". Nilimuuliza mkataji kama anayo. Akanicheka: "Mkubwa, hiyo ni ile mbichi unaenda kujichomea kwako." Na ana hoja! "Nyama ya kuchoma" inaweza kuwa nyama inayongoja moto, kama "nguo za kufua" zinavyongoja maji. "Nyama choma" haina utata huo. Ni jina la mlo uliokwisha kuiva. Ni neno ambatano, na Kiswahili kina maambatano tele, kuanzia batamzinga hadi askari kanzu. Vyakula hasa hupenda kuambatana bila kiunganishi: wali nazi, chipsi mayai, ugali matumbo. Hapo nampa mwanangu alama yake.

Kuhusu "hoteli", namrudishia nusu tu. Kenya nzima, mahali pa kulia ni hoteli, hata kama hapana kitanda wala ghorofa. India nako matumizi hayo yamezoeleka. Mkahawa umetokana na kahawa, na mwenzetu wa Tanzania husema mgahawa. Insha rasmi ikitaka mkahawa, mtoto auandike, hakuna atakachopoteza. Lakini mwalimu angeandika pembeni kwamba hoteli ni matumizi ya Kenya, badala ya kulipiga neno msalaba.

Majengo, Pumwani, tulifika alasiri. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na tangu hapo umekuwa na wenyeji ambao Kiswahili kwao ni lugha ya nyumbani. Ni hapa Eastlands ambapo Sheng ilishika mizizi, na wapo wataalamu wanaorudisha mbegu yake hadi miaka ya 1930. Kwa hiyo Majengo lugha mbili zinaketi benchi moja: bibi anauza mahamri kwa Kiswahili kilichonyooka, mjukuu anapokea pesa kwa Sheng, na hesabu haipotei.

Hapa mamake alichangamka. Aliagiza viazi karai na kumweleza mwanawe kwamba vimepewa jina la chombo vinamokaangiwa, na kwamba karai ni neno lililotoka Bara Hindi. Mahamri yana jina la hamira inayoyaumua, kutoka Kiarabu. Mtoto akasema, "Nipee mbili." Mama mwenye kuuza akamrekebisha kwa upole, "Sema nipe, mwanangu." Ile "e" ya ziada ya Nairobi imetokana na mfanano: niletee, niwekee, nikatie, basi na nipee. Ni kosa lenye akili, lakini "kupa" tayari ina mtendewa wake ndani na haihitaji nyongeza. Hapo nilikaa kimya. Yule mama alikuwa amesahihisha vizuri kuniliko: alimrekebisha huku akimwongezea hamri la tatu.

Tulimalizia Isli, yaani Eastleigh, katika hoteli ya Wasomali iliyojaa familia kama yetu. Tulikula anjera kwa nyama ya ngamia, na sahani kubwa ya wali uliokuja na ndizi mbivu nzima juu yake. Kitinda mimba alidhani mhudumu amesahau matunda ya mteja mwingine. La, ndizi huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Sambusa zilikuwepo pia. Nairobi wengi husema "samosa", kama Wahindi. Msomali husema sambuus, Mwarabu sambusak, na asili yake ni Kiajemi. Sambusa ya pwani imefuata njia ya bahari, samosa ya Nairobi imefuata njia ya reli na maduka ya Wahindi. Sina haja ya kuzipatanisha.

Hapo ndipo mtoto alipokosea nami nikasimama na mwalimu wake. Alisema, "Huu mchele ni tamu." Mamake aliweka kijiko chini.

"Mchele unautafuna? Meno unayo?"

Kiswahili kina mpunga ulio shambani, mchele uliokobolewa, na wali ulioiva. Nairobi tumemeza maneno hayo matatu tukabaki na moja, kwa kuwa Kiingereza kina moja. Githeri inatuongezea neno. "Kula mchele" kunatunyang'anya. Nikamwonyesha tofauti hiyo katika daftari lake, nikapiga mstari chini ya wali kwa wino wangu mwenyewe, mwekundu. Aliukubali. Pojo na ndengu aliziandika sambamba, akauliza kama anaweza kutumia zote. Nikamwambia atumie ile ambayo msomaji wake ataipika bila kuuliza.

Shule zilipofunguliwa aliiandika upya insha ile. Aya ya pili inaanza hivi: "Katika mkahawa mdogo wa Jericho, ambao sisi huuita hoteli, tulikula pure, yaani githeri." Ameikabidhi Jumatatu. Bado haijasahihishwa.